Nani Atatutafsiria Ng'ombe?

Hapa kwetu Busia na Malaba lugha si haba. Siku ya soko utasikia Kiteso, Kikhayo, Kisamia, Kijaluo, Kiganda na Kiswahili, na ng'ombe wanauzwa vizuri tu. Basi wengi hudhani kwamba yeyote ajuaye lugha mbili anaweza kutafsiri mambo ya mifugo. La hasha! Kujua lugha ni jambo moja, kumjua ng'ombe ni jingine.

Hebu tutazame Japani. Huko Hokkaido, Chuo Kikuu cha Obihiro kina kituo cha kuchunguza magonjwa ya vijidudu, yakiwemo ya kupe na ya mbung'o, yale yale yanayowaua ng'ombe wetu. Tuseme wafugaji wa huku wamepata kijitabu cha Kijapani. Kitageuzwa Kiingereza kwanza, kisha Kiswahili. Njiani mna mitego.

Mtego wa kwanza ni neno "ushi". Kama "ng'ombe" wetu, halisemi jike wala dume, mmoja wala wengi. Kiingereza humtaka mtafsiri achague. Asiyejua ufugaji atabahatisha, na maksai wa kulima atapewa chakula cha ng'ombe wa maziwa!

Mtego wa pili uko karibu nasi. Nagana huletwa na mbung'o. Ndigana kali, kama waiitavyo wenzetu wa Tanzania, huletwa na kupe. Ng'ombe hupandwa na homa na tezi zikavimba. Tena kuna ndigana baridi, nayo ni ya kupe lakini ni ugonjwa mwingine kabisa. Dawa ya buparvakuoni hutibu ndigana kali, haitibu nagana. Mtafsiri akikosea silabi moja tu, ndama amekwisha.

Je, mtafsiri wa kufaa atapatikana vipi?

Kwanza, atafutwe penye watafsiri. Chama cha Watafsiri cha Japani, JAT, kilichoanzishwa mwaka 1985, kina wanachama wanaotafsiri Kijapani na Kiingereza. Kila mmoja aulizwe fani yake.

Pili, apewe ukurasa mmoja wa majaribio wenye mtamba, maksai, kuachisha ndama kunyonya, na vipimo vya dawa. Hapo utamjua.

Tatu, bei ikubaliwe mapema. Kijapani hakiachi nafasi baina ya maneno, kwa hiyo kazi mara nyingi huhesabiwa kwa herufi.

Nne, daktari wa mifugo aisome kazi kabla haijamfikia mfugaji, hasa tarakimu za dawa.

Nasi wanachama tusikae kitako. Mtafsiri wa mwisho, yule wa kuleta Kiswahilini, atatoka wapi kama si miongoni mwetu? Tuwaulize babu na nyanya majina ya magonjwa na ya mifugo kwa lugha za nyumbani, tuyaandike daftarini pamoja na dalili zake. Kuuliza si ujinga. Shime!