Wageni Walioshika Jembe Monteverde

Wanangu, mkimuuliza mtu aliyehama nchi ya baridi kwenda nchi ya joto amependa nini zaidi huko, majibu ya kwanza mtayabahatisha wenyewe. Atasema jua. Atasema maembe na mapapai yanayoiva uani. Atasema bahari, na kwamba koti lake limeliwa na nondo kabatini. Hayo ni kweli, lakini hata mtalii wa wiki moja anaweza kuyasema. Leo nawasimulia habari za watu waliohamia nchi ngeni wakaishi humo mpaka wakazeeka, mwone mapenzi ya mgeni yanavyokuwa yakishakomaa. Hii si hadithi ya sungura na fisi. Ni habari ya kweli, na baadhi ya wahusika wake walikuwa watoto wa rika lenu.

Chukueni ramani ya dunia. Tafuteni mahali ambapo bara la Amerika limebanwa kiunoni, kati ya Bahari ya Karibi na Bahari ya Pasifiki. Juu mtaona Nikaragua, chini mtaona Panama, na katikati yao ipo Kosta Rika. Ni nchi ndogo, kilomita za mraba kama 51,000 tu, kiasi kwamba ingeweza kuingia ndani ya Tanzania mara 18. Lakini nchi hiyo ndogo iliwahi kufanya jambo kubwa. Mwaka 1948, baada ya vita vifupi vya wenyewe kwa wenyewe, kiongozi wake José Figueres Ferrer alikwenda kwenye ngome ya jeshi mjini San José, akachukua nyundo kubwa, akaugonga ukuta wake mbele ya watu. Tangu siku ile, tarehe 1 Desemba, Kosta Rika haina jeshi. Katiba ya mwaka uliofuata ikalitia muhuri jambo hilo, na ngome yenyewe leo ni makumbusho ya taifa.

Mambo ya namna hiyo husikika mbali. Wakati huohuo, katika mji wa Fairhope, jimbo la Alabama huko Marekani, waliishi wakulima wa madhehebu ya Wakweka, ambao wenyewe hujiita Marafiki. Wasomaji wangu wa magharibi ya Kenya wanawafahamu vizuri. Wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Wakweka wanaamini kwamba kumuua binadamu mwenzako ni dhambi hata vitani. Basi serikali ya Marekani ilipowataka vijana wote wajiandikishe kwa ajili ya jeshi, vijana wanne wa Fairhope walikataa. Mwaka 1949 wakahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja. Waliachiwa baada ya miezi michache, lakini wazee wao walikuwa wameshaanza kuulizana kama ipo nchi ambako mtu anaweza kulima shamba lake na kulea watoto wake bila kodi yake kununua bunduki. Jibu likawa Kosta Rika.

Wengine walipanda ndege. Wengine walipakia mali zao kwenye malori wakashika njia kupitia Meksiko na nchi za katikati, na safari hiyo ilichukua kama miezi mitatu, kwa sababu barabara kuu ilikuwa bado haijakamilika na mahali pengine walilazimika kuitengeneza njia wenyewe. Mmoja wa madereva hao alikuwa Marvin Rockwell, mmoja wa wale vijana wanne waliotoka jela. Mwaka 1951 familia zipatazo 11 zikanunua ardhi juu ya milima ya Tilarán, kwenye mwinuko wa mita kama 1,400, sawa na Lushoto. Mahali hapo wakapaita Monteverde.

Sasa tuwaulize swali letu. Walipenda nini?

Cha kwanza walichokipenda ni amani, na kwao hilo halikuwa neno la hotuba. Mama aliyemwona mwanawe akipelekwa jela kwa kukataa bunduki, sasa alilala akijua kwamba hakuna barua ya jeshi itakayobisha hodi. Ukifunguliwa mzigo uliokuelemea miaka mingi, ndipo unapojua ulivyokuwa mzito.

Cha pili ni majirani. Msidhani milima ile ilikuwa tupu ikiwasubiri. Wakulima wa Kosta Rika walikuwa tayari wanaishi pale, wakilima mahindi, maharage na miwa, na hao ndio walimu wa kwanza wa wale wageni. Waliwaonyesha njia za kupita mvua inaponyesha, miti inayofaa kujengea, na jinsi ya kupandisha mizigo mlimani kwa mikokoteni ya ng'ombe. Wageni nao wakajifunza Kihispania, na wakazoea kuamka kwa wali wa jana uliokaangwa pamoja na maharage meusi, chakula cha asubuhi cha nchi nzima.

Kisha wakafikiri kwa pamoja. Nyasi zilistawi mwaka mzima na ng'ombe walitoa maziwa mengi, lakini soko lilikuwa mbali na barabara ilikuwa tope tupu. Maziwa yangefika mjini yameganda. Wafanyeje? Wakaanzisha kiwanda cha jibini. Jibini haliogopi safari: likishakamuliwa maji, likatiwa chumvi na kuiva polepole, linaweza kukaa kwenye mkokoteni kutwa nzima lisiharibike. Kiwanda hicho kilinunua maziwa ya majirani pia, hivyo mkulima ambaye jana hakuwa na pa kuuzia maziwa yake, leo alirudi nyumbani na fedha mfukoni. Na shule waliyoifungua mwaka uleule wa 1951 ikawa mahali ambapo watoto wa pande zote mbili husoma kwa Kiingereza na Kihispania.

Cha tatu ndicho kilichonifanya niwaite mje kusikiliza. Ni msitu.

Juu ya Monteverde kuna msitu wa mawingu. Pepo hutoka Bahari ya Karibi zikiwa zimebeba unyevu, zikakutana na milima, zikalazimika kupanda. Hewa ikipanda hupoa, na ikipoa, unyevu wake hugeuka kuwa wingu. Watoto wa Usambara na Uluguru wanaijua kazi hii, kwa kuwa Bahari ya Hindi huwafanyia vivyo hivyo. Ndani ya wingu hilo miti husimama imelowa hata siku isiyo na mvua. Tazameni tawi moja tu. Gome lake halionekani, kwa maana limefunikwa na kuvumwani nene ambayo ukiibonyeza kwa kidole hutoa maji kama dodoki. Juu ya kuvumwani zimeota kangaga. Katikati ya kangaga zimechomoza okidi, nyingine zenye ua dogo kuliko punje ya mchele. Matone hushuka toka jani hadi jani, yakazama kwenye udongo, yakatokea tena chini ya mlima yakiwa chemchemi.

Humo anaishi ndege anayeitwa ketzali. Dume lake lina mgongo wa kijani unaometameta, tumbo jekundu, na manyoya ya mkiani yanayoweza kukaribia mita moja. Chakula akipendacho ni parachichi pori, tunda dogo lenye kokwa kubwa. Hulichuma akiwa anaruka, hulimeza zima, kisha hukaa kimya tawini kwa muda mrefu. Tumbo likishamaliza nyama ya tunda, huitapika kokwa, nayo huangukia mbali na mti mama na kuota. Kwa hiyo ketzali hula na papo hapo hupanda.

Lakini wale Wakweka hawakufika wakiwa walinzi wa msitu. Walifika wakiwa wakulima, na mkulima anayetaka malisho hukata miti. Walikata mingi. Wilford Guindon, naye mmoja wa wale vijana wanne, aliufyeka msitu kwa msumeno wa mashine kama wenzake. Hata hivyo tangu mwanzo jamii yao ilikubaliana juu ya jambo moja la busara: hekta 554 za juu kabisa, penye chemchemi za mto uliowapa maji na umeme, zisiguswe na mtu. Waliujua uhusiano wa wingu, mti na bomba.

Miaka ya 1970 ilipoanza, akaja mgeni mwingine, mwanafunzi wa elimu ya ndege kutoka Marekani aitwaye George Powell, pamoja na mkewe Harriet. Waliona msitu wa jirani ukimegwa mwaka hadi mwaka, wakaanza kutafuta fedha za kuununua. Guindon aliwasaidia. Mwaka 1972 ikaanzishwa Hifadhi ya Msitu wa Mawingu ya Monteverde, na ile ardhi ya chemchemi baadaye ikawekwa chini ya uangalizi huohuo. Yule Guindon aliyekuwa anaangusha miti akatumia miaka mingi ya maisha yake kuzunguka katika njia za hifadhi na kuilinda. Mtu anaweza kuanza kwa kukosa akamaliza kwa kujenga, wanangu, mradi akubali kujifunza kutoka mahali alipo.

Na msitu uliwapa pia somo chungu. Kwenye kilele kimoja waliishi vyura wa dhahabu, ambao madume yao yalikuwa ya rangi ya chungwa iliyoiva. Walijitokeza kwa siku chache tu mvua zinapoanza, wakazaliana kwenye vidimbwi, wakatoweka tena ardhini. Mwaka 1987 watafiti waliwahesabu zaidi ya 1,500. Mwaka 1989 alionekana mmoja. Tangu hapo, hakuna. Wataalamu wanataja maradhi ya ngozi yanayoletwa na kuvu na misimu iliyokuwa mikavu kupita kawaida. Sisi tulikaribia msiba kama huo Tanzania, pale chura wa Kihansi, aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya milima ya Udzungwa, alipotangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini. Wa kwetu alikuwa na bahati: wachache walikuwa wameshapelekwa Marekani wakalelewa na kuzaliana katika bustani za wanyama, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa porini kwao. Chura wa dhahabu hakuwekewa akiba.

Hapo ndipo watoto wanapoingia. Ketzali akimaliza kulea makinda huteremka kutafuta matunda kwenye misitu ya chini, kwa hiyo kulinda kilele peke yake hakutoshi. Mwaka 1987 mwanabiolojia Sharon Kinsman, aliyekuwa amefanya utafiti Monteverde, alitembelea shule ndogo ya kijijini huko Uswidi, katika darasa la mwalimu Eha Kern, akawaeleza wanafunzi habari za msitu na hatari inayoukabili. Watoto wakauliza wafanye nini. Walipoambiwa kwamba ardhi inaweza kununuliwa na kuhifadhiwa, hawakungoja wakue. Waliigiza michezo, wakauza vitu, wakachanga. Shule nyingine zikafuata, kisha nchi nyingine, mpaka zikafika 44. Leo Msitu wa Milele wa Watoto una hekta zaidi ya 22,000 na ndiyo hifadhi kubwa kuliko zote za binafsi nchini Kosta Rika. Watoto wengi waliochanga hawajawahi kuukanyaga.

Wageni wa Kosta Rika hawaishii Monteverde. Katika pwani ya Karibi, mji wa Limón, wanaishi wajukuu wa Wajamaika waliokuja tangu miaka ya 1870 kujenga reli, kazi ngumu iliyoua watu wengi. Wao waliipa nchi wali wa maharage uliopikwa kwa tui la nazi, chakula ambacho mtoto wa Tanga au Lamu angekila bila kuuliza jina. Wanikaragua, ambao ndio wageni wengi kuliko wote, huchuma kahawa na kujenga nyumba. Wastaafu wa Marekani na Kanada hufuata hali ya hewa ya bonde la kati, isiyo joto kali wala baridi kali. Kila kundi limependa kitu, na kila kundi huulizwa na nchi: je, umeleta nini?

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine hudhani methali hiyo inamfukuza mgeni. Mimi naona inamkaribisha ndani, kwani anayepewa jembe amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa wenye shamba. Wale wa Monteverde walipenda amani, wakaiishi bila kugombana na jirani. Walipenda majirani, wakanunua maziwa yao. Walipenda msitu, wakaacha kuukata na wakaanza kuulinda. Mtu hakipendi kitu zaidi ya pale anapokitolea jasho.

Basi mgeni akija kwenu Lushoto, Kakamega au Zanzibar akawaambia anapenda sana mahali hapa, mshukuruni, kisha mwonyesheni kazi iliyopo: miche inayosubiri kupandwa, ufukwe unaosubiri kuokotwa plastiki, shule inayosubiri msomaji wa hadithi. Nanyi mkihamia nchi za watu siku moja, msingoje kuombwa. Na kabla ya yote hayo, kesho mkifungua bomba la shuleni, ulizeni maji yale yanatoka kwenye chemchemi ipi, na nani anailinda miti iliyo juu yake. Ikiwa hakuna anayejua, hiyo ndiyo kazi yenu ya kwanza.