Kifua cha Mtoto wa Selimundu



Katika kuzunguka kwangu huku Yimbo nimesikia mara nyingi watu wakisema juu ya mtoto mgonjwa, "Huyo ni kifua tu, kitapoa." Baadaye unakuja kuambiwa ya kwamba mtoto yule alikuwa na ugonjwa wa selimundu, na kifua hicho hicho ndicho kilichomchukua. Leo basi tuongee juu ya kifua hicho, na juu ya daktari mmoja aliyekaa miaka mingi kule Kilifi akitafuta ni nini hasa kinachowaua watoto hawa.

Kwanza tuanze hapa ziwani. Mwaka 1949 kijana mmoja aliyelelewa Gilgil, Anthony Allison, alizunguka Kenya akipima damu za watu. Aliona ya kwamba watu wa ziwa na wa bahari wana mbegu ya selimundu kwa wingi, mahali pengine zaidi ya watu 20 kati ya 100, lakini nyanda za juu ni wachache mno. Mwaka 1954 akaeleza sababu yake: aliyerithi mbegu hiyo kwa mzazi mmoja tu hushindana na malaria vizuri zaidi. Kumbe ni mbu wetu walioifanya ikae katika damu yetu. Si chira, wala si mkono wa jirani. Shida huja mtoto akiirithi kwa baba na kwa mama pia. Huyo ndiye mgonjwa, na malaria humuumiza vibaya sana.

Sasa twende Kilifi. Tom Williams ni daktari wa watoto kutoka Uingereza. Kabla ya kuja Kenya alichunguza malaria na damu za kurithi katika visiwa vya Vanuatu, mbali kule Bahari ya Pasifiki. Kilifi alijiunga na kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome. Mwaka 2005 yeye na wenzake walionyesha ya kwamba mbegu moja ya selimundu hupunguza malaria kali kwa karibu asilimia 90. Hizo ni habari njema za wenye mbegu moja. Na wale wenye ugonjwa wenyewe je? Wengi katika Afrika walizikwa bila kupimwa. Watu walisema ni malaria, basi, mambo yakaisha.

Mwaka 2009 timu hiyo ilitoa hesabu ambayo mimi huisoma tena na tena. Kati ya watoto 1,749 waliolazwa Kilifi wakiwa na bakteria ndani ya damu, 108 walikuwa na selimundu. Kati ya watoto 13,492 wa vijijini waliolinganishwa nao, ni 89 tu. Na bakteria iliyoongoza ni nyumokokasi, ile ile inayoleta nimonia. Sababu ni kwamba bandama ya mtoto huyu, ambayo kazi yake ni kuchuja vijidudu katika damu, huharibika angali mdogo.

Hebu tuangalie mapafu yenyewe. Damu hupita mapafuni kuchukua hewa safi. Chembe za mgonjwa zikikosa hewa hujikunja kama mundu na kukwama katika mishipa midogo. Nimonia ikiziba sehemu ya pafu, hewa hupungua. Ikipungua, chembe nyingine hujikunja. Zikikwama mle mle mapafuni, hewa huzidi kupungua. Asubuhi mtoto anakohoa, jioni anapigania pumzi. Hata maumivu ya mbavu huweza kuanzisha jambo hili, kwa sababu mtoto huogopa kuvuta pumzi ndefu. Mwaka 1995 madaktari wa Marekani walionyesha ya kwamba wagonjwa wenye maumivu ya kifua, wakiketishwa na kuvutishwa pumzi ndefu mara kwa mara, mapafu yao huharibika kidogo zaidi. Hiyo hufanywa hospitalini pamoja na hewa ya oksijeni, dawa za bakteria na pengine kuongezwa damu. Sisemi mkae nayo nyumbani!

Kinga ipo. Kenya ilianza kutoa chanjo ya nyumokokasi kwa watoto wachanga mwaka 2011, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mtoto wa selimundu huhitaji pia penisilini kila siku mpaka afike miaka mitano, na neti kila usiku. Halafu kuna haidroksiyuria. Marekani ilijulikana tangu mwaka 1995 ya kwamba dawa hiyo hupunguza mashambulio ya kifua kwa karibu nusu kwa watu wazima, lakini huku kwetu ilihofiwa kwamba italeta malaria na maambukizo. Williams na wenzake wa Uganda, Kongo na Angola waliijaribu kwa watoto 606. Majibu yalitoka mwaka 2019: maumivu yalipungua, malaria ikapungua, na vifo vikapungua pia. Hutolewa na daktari, naye hupima damu mara kwa mara.

Lakini haya yote hayamfai mtoto asiyefika hospitali. Kikundi kimoja cha akina mama wa samaki kilikuwa na sheria ya mfuko wa dharura: saini tatu za maofisa ndipo pesa itoke. Usiku mmoja mtoto wa mwanachama alishikwa na kifua, na mweka hazina alikuwa matangani Bondo. Mama alingoja mpaka kukakucha. Mtoto alipona, kwa bahati. Katika mkutano uliofuata walibadilisha sheria: mtoto wa selimundu akiwa na homa, akipumua haraka, akivuta mbavu ndani au akilalamika kifua, mwanachama yeyote mwenye kisanduku hutoa nauli usiku huo huo, na saini hutafutwa kesho yake. Waliandika pia majina ya watoto wote wa namna hiyo katika daftari la kikundi, na jina la jirani mwenye pikipiki.