Kuua kwa Tamaa ya Mali: Jaji Hupima Nini?

Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Juma hili tuzungumzie adhabu ya mtu aliyepanga kuua ili apate mali.

Tuchukue mfano tu, wala si kesi ya mtu yeyote. Kijana wa Wete ana kaka asiye na mke wala mtoto, na wazee wao wamekwisha fariki. Kaka ana shamba la mikarafuu. Kijana anahesabu pishi, anahesabu bei, kisha usiku anamvizia kaka yake kwa panga.

Kesi hii haiendi kwa Kadhi. Kadhi huamua ndoa, talaka na mirathi. Mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu ya Zanzibar, ambayo kwa Pemba hukaa Chake Chake, na rufani huenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania.

Upande wa mashtaka lazima uthibitishe nia ovu bila kuacha shaka ya maana. Nia haionekani kwa macho. Hutambuliwa kwa silaha iliyotumika, mahali pa mwili palipopigwa, idadi ya mapigo, na mwenendo wa mshtakiwa kabla na baada. Tamaa ya mali husaidia kueleza sababu, lakini si sharti la kosa. Aliyeua kwa fedha na aliyeua kwa chuki, kosa lao ni moja.

Hapo ndipo penye fundo. Waingereza walituachia sheria yenye adhabu moja kwa kosa hilo: kunyongwa. Kwa Bara iliandikwa katika kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu. Wakili akiomba mteja wake ahurumiwe, jaji husikiliza, lakini mikono yake imefungwa. Muuaji wa kukodiwa na mke aliyemuua mume baada ya miaka ya kupigwa, wakipatikana na nia ovu, hupewa hukumu ile ile.

Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya alitamka kwamba adhabu ya kifo inavunja Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa adhabu hiyo ni ya kikatili na inadhalilisha, ila ikasema Katiba inairuhusu kwa maslahi ya umma. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo bila kupima mazingira kunakiuka haki ya kuishi. Mahakama ya Juu ya Kenya ilikwisha kusema mfano wa hayo mwaka 2017.

Wako waliodhani kwamba wauaji wamepona. Sivyo. Jaji akipewa mizani, muuaji wa mali ndiye wa kwanza kuangukiwa na uzito wake. Alipanga. Alikuwa na muda wa kughairi. Uhai wa nduguye aliupima kwa pishi za karafuu. Mizani itamfaa yule mke, si yeye.

Na shamba je? Hapo sasa ndipo Kadhi anapoingia. Katika sheria ya Kiislamu muuaji hamrithi aliyemuua. Mikarafuu itakwenda kwa warithi wengine, na yeye atabaki na minyororo. Aliua kwa ajili ya kitu ambacho, kwa kuua kwenyewe, alijiharamishia.