Maji Yanayopita Shambani Mwetu

Mvua ya alasiri inyeshapo huku Kisii na Nyamira, sisi hukimbilia barazani na kungoja ipite. Leo natuifuate. Maji haya yatoka wapi, nayo yaenda wapi?

Jua la mchana hulipasha moto Ziwa Viktoria, na maji huinuka kuwa mvuke tusiouona kwa macho. Upepo wa ziwani huuleta huku kwetu. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700. Hewa hiyo hulazimika kupanda. Ikipanda hupoa, mvuke hugeuka mawingu, nayo mawingu hutupa mvua.

Sehemu nyingi za kwetu hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Katika ekari moja tu, hizo ni lita milioni 6, yaani madebe 300,000 ya lita 20. Mbona basi ifikapo Januari kina mama hupanga foleni penye chemchemi inayodondoka tone kwa tone?

Sababu ni njia ambayo maji hupitia. Udongo ukifunikwa na mimea, maji huzama polepole, hukaa chini kwa miezi, kisha hutokea bondeni. Mteremko ukiwa mtupu, maji hukimbia juu juu na kuuchukua udongo wetu mwekundu. Na huko bondeni tumepanda mikaratusi, mti unaokunywa sana. Mwaka 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza ing'olewe kwenye vyanzo vya maji. Twajua mti huo huleta karo ya watoto, na mashamba yetu ni madogo. Lakini waweza kupandwa juu, mbali na chemchemi.

Mto Gucha huanzia vilima vya Kiabonyoru, hupita Ogembo, huingia Migori na kurudi ziwani, ambako jua huyainua maji tena. Basi maji si mali yetu. Hupita kwetu tu, na jirani wa chini hunywa tulichomwachia. Kumpenda jirani huyo ni kuchimba makingamaji, kupanda majani ya mifugo kingoni mwake, na kuyaacha matete ya bondeni yakae.