Tuwatuze Viongozi wa Nishati kwa Vitendo

Mcheza kwao hutuzwa. Ndivyo walivyosema wazee wetu, nao walisema haki. Kiongozi aliyeliwezesha taifa kupata nishati, na kuitumia pasipo kuifuja, anastahili kutajwa kwa heshima. Lakini yatupasa tujiulize, ndugu wananchi: tuzo hiyo twaitoaje? Kwa makofi na vigelegele, au kwa vitendo?

Mkoa wa Morogoro watosha kutupa jibu. Humo limo bwawa la Kidatu, katika mto Ruaha Mkuu, lililoanza kutoa umeme mwaka 1975, zama za Mwalimu Nyerere. Uwezo wake ni megawati 204. Na katika mto Rufiji, pale Morogoro inapokutana na Pwani, limesimama bwawa lenye jina la Mwalimu mwenyewe. Hayati Rais Magufuli aliliwekea jiwe la msingi tarehe 26 Julai, 2019. Rais Samia Suluhu Hassan akaiendeleza kazi hiyo, na mwaka 2025 mitambo yote tisa ikawa tayari, jumla megawati 2,115.

Hizo ni kazi za kujivunia. Hata hivyo, kuzalisha ni jambo moja, na kutumia vema ni jambo jingine. Ajazaye maji katika mtungi uliotoboka hajaikata kiu ya nyumba yake.

Na mtungi wetu umetoboka wapi? Umetoboka jikoni. Tazama milima ya Uluguru, iliyosimama nyuma ya ule mji uitwao “mji kasoro bahari”. Huko mama hupanda kutafuta kuni, akateremka na mzigo kichwani, akainama kupuliza moto wa mafiga matatu. Zaidi ya sehemu nne katika tano za joto la moto ule hupotea hewani. Sufuria hupata masalio, na moshi humwingia mama na mtoto wake vifuani. Mama huyo hakukosa bidii. Alichokosa ni jiko.

Mkaa nao ni vivyo hivyo. Katika tanuru la udongo la kienyeji, kilo saba hadi kumi za kuni huteketea ili ipatikane kilo moja ya mkaa. Bandu bandu huisha gogo. Na Uluguru gogo likiisha, hasara haiwi ya Waluguru peke yao. Mto Ruvu huanzia katika milima hiyo, na maji yake ndiyo yanyweshayo Dar es Salaam. Mfanyakazi wa mjini afunguaye bomba asubuhi ana deni kwa msitu asiouona.

Kwa hiyo twaona kuwa tarehe 8 Mei, 2024 ni siku ya kukumbukwa. Siku hiyo Rais Samia alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanatumia nishati hiyo. Siku sita baadaye, mjini Paris, alikuwa miongoni mwa wenyeviti wa mkutano wa dunia juu ya jambo hilo hilo, ambapo ziliahidiwa dola bilioni 2.2 kwa ajili ya Afrika. Serikali ilikwisha kuziagiza taasisi zilishazo watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa.

Lakini agizo halipiki ugali. Kugawa mitungi ya gesi mbele ya hadhara ni mwanzo tu. Gesi ikiisha, na fedha ya kujaza haipo, mama hurudi kwenye mafiga yale yale. Kiongozi anayestahili tuzo ni yule arudiye nyumbani kwa mama huyo mwezi wa pili na wa tatu, aulize: jiko lawaka?

Tena viongozi wa namna hiyo si wa Ikulu peke yake. Huko Kilosa, tangu mwaka 2012, viko vijiji vilivyojipangia misitu yao: kitalu kikishavunwa mkaa hupumzishwa miaka 24 ili miti ichipue. Wenyeviti na kamati zilizosimamia mpango huo ni viongozi wa nishati sawasawa na waliojenga mabwawa. Vivyo hivyo mwalimu mkuu aliyeondoa moto wa magogo katika jiko la shule, na fundi afinyangaye jiko banifu kwa bei aimuduyo kibarua.

Nasi wengine tusikae kutazama. Kuloweka maharage usiku, kufunika sufuria, kuzima taa isiyo na kazi: hayo hayangoji mkutano wala mfadhili. Megawati iliyookolewa haihitaji bwawa jipya.

Basi tuwatuze viongozi wetu. Tuwatuze kwa kuifanya kazi waliyoianza ifike hadi jikoni kwa yule mama wa Uluguru. Siku atakapopika bila ya kutokwa machozi, tuzo itakuwa imetolewa.