Hewa, Joto na Kona Hamsini na Saba

Jumamosi asubuhi, ukungu ukiwa bado haujaondoka juu ya Mlima Loleza, pikipiki huanza kuonekana mbili mbili na tatu tatu zikitoka Mbeya mjini kuelekea Uyole. Safari hii hazikubeba abiria wala magunia ya viazi, ingawa aghalabu ni vyombo vile vile vifanyavyo kazi hiyo siku nyingine za juma. Waendeshaji ni walimu, mafundi, wauguzi na watumishi wa ofisini, ambao juma zima wamefungwa na kazi, na sasa wanatoka kutembea bila haraka: kuona milima, kunywa chai katika mji mdogo, kisha kurejea nyumbani kabla ya jua kuchwa.

Miongoni mwa njia zifaazo kwa matembezi ya namna hii imo moja ambayo hufanya mzunguko. Kutoka Uyole mwendeshaji hushika barabara ya Tukuyu, akafika Isyonje, akaiacha lami na kupanda hadi uwanda wa juu wa Kitulo. Kutoka huko hupita Matamba, akateremka ukingo mkali wa mlima hadi Chimala kwa barabara ijulikanayo kwa jina la Hamsini na Saba, kwa kuwa hiyo ndiyo idadi ya kona zake. Chimala huikuta barabara kuu ya Tanzania na Zambia, nayo humrudisha Mbeya kupitia Igurusi. Mji wa Mbeya uko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Kitulo hufikia mita 2,600 na kuzidi, na tambarare ya Usangu, ambamo Chimala imo, haizidi sana mita 1,000. Mtu na mashine yake, kwa hiyo, hupanda karibu kilometa moja nzima kwenda juu, kisha wakashuka kilometa moja na nusu, katika siku moja. Mabadiliko hayo ya kimo huleta mambo mawili ambayo mwendeshaji hana budi kuyafahamu. Wakati wa kupanda, injini hupungukiwa na hewa. Wakati wa kushuka, breki huzidiwa na joto. La kwanza humuudhi tu. La pili laweza kumuua.

Dalili ya kwanza hutokea baada ya Isyonje, katikati ya mashamba ya viazi na pareto. Pikipiki iliyokuwa ikikimbia vizuri katika gia ya nne huanza kulegea. Mwendeshaji hurudi gia ya tatu, kisha ya pili, akaongeza mafuta kwa mkono wake wote, na bado mlima haupungui. Wengi hudhani kuwa injini imechoka au kuwa mwenye petroli amewapunja. Sababu hasa ni nyingine. Injini haichomi petroli peke yake. Huchoma petroli pamoja na hewa, na kwa uzito hutumia hewa mara 15 hivi zaidi ya petroli. Injini ndogo ya sentimeta za ujazo 125, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, huvuta hewa mara 3,000 katika dakika hiyo, yaani lita zisizozidi 375. Pwani, lita hizo zina uzito wa karibu nusu kilo. Kitulo ni lita zile zile, lakini hewa iliyomo ni nyepesi zaidi, kwa kuwa kanieneo ya hewa, yaani mkandamizo wake, ni kama robo tatu tu ya ile ya Dar es Salaam. Robo moja ya hewa ambayo injini ingeipata ufukweni haipo, na karibu robo ya nguvu yake hutoweka nayo.

Kwa pikipiki zenye kabureta, ambazo bado ni nyingi, kuna jambo la pili. Kabureta hupima petroli kwa tundu dogo liitwalo jeti, na tundu hilo halijui kwamba limepandishwa mlimani. Hewa ikipungua, petroli haipungui kwa kiasi kile kile, na mchanganyiko huzidi petroli kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Moshi wa nyuma huwa mweusi, ncha ya plagi hufunikwa masizi, na mafundi husema kuwa pikipiki inakunywa mafuta. Kauli hiyo ni sahihi kabisa. Wapo wanaotia jeti yenye tundu dogo zaidi, na kwa mkazi wa Matamba ambaye hutembea juu huko mwaka mzima hilo ni jambo la busara. Kwa mtalii wa siku moja ni kosa, maana jioni atakuwa Usangu ambako hewa ni nzito na jua ni kali, na jeti hiyo ndogo itaipa injini petroli haba mno, nayo itapata moto kupita kiasi. Afadhali avumilie masizi. Pikipiki mpya zenye mfumo wa kunyunyiza petroli hazina taabu hiyo, kwani zina chombo cha kupima kanieneo na kurekebisha kipimo zenyewe. Hata hivyo nazo hupoteza ile robo ya nguvu, kwa sababu hakuna chombo kiwezacho kuumba hewa isiyokuwepo.

Juu ya uwanda, mandhari hufungua moyo. Wenyeji wamezoea kuuita Bustani ya Mungu, na tangu mwaka 2005 sehemu kubwa yake ni Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Katika miezi ya mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, nyasi hujaa maua ya aina nyingi, yakiwemo ya jamii ya okidi zaidi ya aina 40. Baadhi ya okidi hizo zina viazi vidogo chini ya ardhi, navyo vilichimbwa kwa wingi na kupelekwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda. Uharibifu huo ulikuwa mmojawapo wa sababu za kuitangaza hifadhi. Mahali barabara ilipokatwa kwenye mwinuko, msafiri mwenye jicho la udadisi anaweza kuona tabaka za mawe mepesi yenye vitundu, rangi ya majivu. Hayo ni mabaki ya milipuko ya volkano ya Mlima Rungwe, na mmoja wa mikubwa ulitokea miaka 4,000 hivi iliyopita. Udongo huo wa volkano ndio unaolisha viazi na maua, nao ndio ukilowa hugeuka utelezi mtupu. Msimu wa maua, kwa bahati mbaya, ndio msimu wa matope.

Msimu wa ukavu una adha yake, nayo ni baridi. Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa nyuzi 6 hivi, na mwezi Juni na Julai usiku wa Kitulo huleta jalidi juu ya nyasi. Upepo wa mwendo huongeza madhara, maana huipeperusha ile tabaka nyembamba ya hewa vuguvugu iliyo juu ya ngozi. Vidole ndivyo huumia kwanza. Mwili ukiona kifua kinapoa hupunguza damu iendayo mikononi ili kuokoa moyo na mapafu, na vidole vikakosa nguvu na wepesi. Vidole hivyo hivyo, baada ya nusu saa, ndivyo vitakavyotakiwa kuvuta breki. Glavu hufaa, lakini kifua nacho kikikingwa vizuri, damu huendelea kufika mikononi. Gazeti lililokunjwa na kuwekwa ndani ya koti ni kinga ya bei nafuu kuliko zote, kwa kuwa hewa iliyonaswa kati ya kurasa zake hairuhusu joto kutoka upesi.

Baada ya Matamba ardhi hukatika ghafla. Mamilioni ya miaka ya kupasuka kwa Bonde la Ufa yameishusha tambarare ya Usangu na kuuacha uwanda ukining'inia juu yake, na barabara haina njia nyingine ya kushuka ila kujikunja mara 57. Hapa inafaa kufanya hesabu. Pikipiki na mwendeshaji wake, pamoja na mzigo mdogo, wana jumla ya kilo 200 hivi. Wakishuka mita 1,000 za wima, nishati waliyokuwa nayo kwa sababu ya kimo, ambayo ni karibu jouli milioni 2, haina budi kwenda mahali. Nishati hiyo yatosha kuchemsha karibu lita 6 za maji ya kisimani. Sehemu ndogo huchukuliwa na upepo na matairi. Iliyobaki hugeuka joto ndani ya injini au ndani ya breki, na mwenye kuchagua ni mwendeshaji.

Akiacha gia ya pili au hata ya kwanza imeshika na mkono wake umeachia mafuta, injini hugeuka kuwa pampu: gurudumu huisukuma, nayo hukataa, ikivuta hewa kwa shida na kuibana. Joto linalotokea hutawanywa na mapezi ya silinda pamoja na moshi, na injini imeundwa kustahimili joto kubwa kuliko hilo. Akitoa gia na kuiacha pikipiki iteremke huru, ati anaokoa petroli, joto lote hubebeshwa viatu vya breki vilivyofungiwa ndani ya kitovu cha gurudumu. Kitovu kikipata moto hutanuka na kujitenga na viatu, na mkono hulazimika kuvuta mbali zaidi. Viatu vyenyewe vikizidi kupata moto hupoteza msuguano, ikawa kama kubana chuma kwa sabuni. Breki za diski hupoa haraka kuliko hizo, lakini zina udhaifu wao: mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani kidogo kidogo kila mwaka. Yaliyo mapya huchemka kwenye nyuzi 200 na zaidi. Yaliyokaa miaka mingi huweza kuchemka kwenye nyuzi 150 hivi. Yakichemka hufanya mapovu ya mvuke, na mvuke hubonyea. Mwendeshaji huvuta breki iliyokuwa imara kona mbili zilizopita, nayo ikamfuata hadi kwenye mpini bila kushika chochote.

Desturi ya kuteremka bila gia haikuzuka kwa ujinga. Pikipiki nyingi za zamani zilikuwa na injini za mapigo mawili, ambamo mafuta ya kulainisha huingia pamoja na petroli. Mkono ukiachia petroli huku gurudumu likiendelea kuizungusha injini kwa nguvu, pistoni hubaki kavu, na huweza kukwama katikati ya mteremko. Mwendeshaji wa injini hizo alikuwa na hoja ya kuitoa gia mara kwa mara. Injini za mapigo manne zilizoenea leo zina mafuta ya kulainisha katika sehemu yake peke yake, wala hazihitaji huruma hiyo. Pikipiki zimebadilika, ila ushauri wa wazee umebaki ule ule.

Kona nazo zina sheria yake. Kani inayohitajika kuikunja njia ya pikipiki hukua kwa mraba wa mwendo. Katika kona yenye nusu kipenyo cha mita 20, mwendo wa kilometa 30 kwa saa hudai kutoka kwenye tairi kani iliyo kama theluthi moja ya uzito wote. Changarawe iliyoshikamana inaweza kuitoa. Mwendo wa kilometa 45 hudai karibu nne ya tano, na changarawe haina uwezo huo. Ongezeko la kilometa 15 tu limetosha kuivuka mipaka ya ardhi yenyewe. Tena tairi linalotumia msuguano wake kukata kona halina akiba ya kufunga breki. Mwendo hupunguzwa kabla ya kona, pikipiki ikiwa bado imesimama wima.

Upande wa Iringa matembezi ni ya upole zaidi. Mji uko kwenye mita 1,600 hivi, na mwendeshaji anayekwenda Kalenga kuona fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954, au Isimila, kilometa 20 hivi kutoka mjini, kuona zana za mawe zilizoachwa na binadamu wa kale katika korongo lenye nguzo za udongo, hatazamii hatari ya mteremko. Anayegeuka mashariki ndiye hukutana nayo, baada ya Ilula, kwenye Mlima Kitonga. Huko barabara ni ya lami na kona ni pana, na ulaini huo ndio mtego, kwa kuwa hakuna tuta wala jiwe la kumkumbusha mtu kuwa anakwenda kasi. Mbele na nyuma yake kuna malori ya tani nyingi yanayoshuka kwa sheria zile zile za joto, isipokuwa kila tarakimu imeongezwa mara 200 au zaidi. Harufu kali ya viatu vya breki inayopeperuka juu ya mteremko huo ni taarifa kamili: lori lililo mbele, au baya zaidi lile la nyuma, linakaribia mwisho wa uwezo wake. Mwenye pikipiki akiisikia hutafuta mahali palipopanuka, akatoka barabarani kabisa, akalingoja lipite.

Chini, Ruaha Mbuyuni, hewa ni ya joto na nzito, mibuyu imesimama kando ya njia na vitunguu vimepangwa kwa mafungu. Waliofika husimama kunywa maji. Kipimo chepesi hufanyika hapo: kiganja husogezwa karibu na kitovu cha gurudumu, bila kukigusa. Kwa aliyeshuka na gia, kitovu huwa na uvuguvugu. Kwa aliyeshuka huru, joto husikika kabla mkono haujafika, na asimwagie maji ili kuharakisha, maana chuma cha moto kikipozwa ghafla huweza kupinda au kupasuka. Kinahitaji nusu saa ya kivuli, na pengine breki zifunguliwe kwa fundi kabla ya safari ya kurudi Iringa. Kurudi ni kupanda, na injini itaanza kutafuta hewa tena.