Kabla hujaingia mbugani, jiulize hospitali iko umbali gani

Likizo za Agosti na Desemba zikaribiapo, jamaa nyingi hapa nchini huanza kupanga safari za kwenda kuwatazama wanyama. Vikundi vya makanisa hukodi matatu, vyama vya akina mama huchanga kidogo kidogo mwaka mzima, na shule huwapeleka wanafunzi kwa mabasi. Hili ni jambo la kupendeza, kwani kwa miaka mingi mbuga zetu zilionekana kama mali ya wageni kutoka ng'ambo. Hata hivyo, ukimwuliza mwenye kupanga safari amejiandaa vipi, aghalabu atakutajia chakula, soda, kamera na nauli. Ni wachache watakaokuambia kwamba wameuliza hospitali iliyo karibu na mahali watakapolala iko umbali gani, na kama gari la kumfikisha mgonjwa huko litapatikana usiku wa manane.

Msomaji, hilo ndilo swali la kwanza. Chukua mfano wa Tsavo. Mbuga hizi mbili, ya Mashariki na ya Magharibi, zilianzishwa mwaka wa 1948 na kwa pamoja zina ukubwa unaopita kilomita 20,000 za mraba. Ndani yake gari haliruhusiwi kuzidi mwendo wa kilomita 40 kwa saa, na barabara zenyewe ni za vumbi na mawe. Ikiwa mtoto wako ataugua mkiwa kilomita 60 kutoka kwenye lango, mtahitaji muda usiopungua saa moja na nusu kufika langoni tu, kabla ya kuanza safari ya kwenda Voi au Mtito Andei. Ongeza hapo kwamba simu hazishiki kila mahali. Mambo madogo ambayo nyumbani humalizwa kwa kumtuma mtoto kwenye duka la dawa yanaweza kuwa makubwa huko.

Basi anza na wagonjwa ulio nao nyumbani. Mwenye pumu asisafiri bila kifaa chake cha kuvuta dawa, na awe nacho mkononi wala si ndani ya sanduku lililofungwa juu ya gari, kwa sababu vumbi la Tsavo halimsubiri mtu afungue sanduku. Mwenye shinikizo la damu au kifafa achukue dawa za kumtosha siku zote za safari na siku mbili tatu za ziada, maana gari linaweza kukwama. Mwenye kisukari anayetumia insulini ana shida nyingine: dawa hiyo huharibika kwa joto kali. Isiachwe mbele ya gari kwenye jua, na isigusane na barafu, kwani ikiganda pia haifai tena. Mtungi mdogo wa udongo uliolowanishwa, au chupa ya chai iliyopozwa kwa maji baridi, vimewasaidia wengi. Naye mwenye ugonjwa wa selimundu ahakikishe anakunywa maji mara kwa mara na hachoki kupita kiasi, kwani kiu na uchovu ni miongoni mwa mambo yanayoamsha maumivu yake. Huyu hafai kupelekwa Mlima Kenya kabla hajazungumza na daktari, kwa kuwa hewa ya juu mlimani ina oksijeni kidogo.

Mama mjamzito naye asifanye aibu kuuliza. Barabara mbovu kwa saa sita, joto, na hatari ya malaria ni mambo ya kujadiliwa kliniki kabla ya kulipia nafasi kwenye gari.

Tuje kwenye maji. Katika nyanda kavu mtu hupoteza maji mwilini bila kujijua, kwa sababu jasho hukauka upesi kabla halijaonekana. Mtoto akilegea, mdomo ukikauka na mkojo ukawa wa rangi nzito, msichukulie kuwa ni usingizi wa safari. Bebeni maji ya kunywa ya kutosha na mengine ya akiba yanayokaa garini daima. Kumbuka kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku ndani ya mbuga na hifadhi zetu, hivyo tumieni vyombo vinavyoweza kujazwa tena. Bebeni pia pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji kwa ajili ya mwenye kuharisha. Zikikosekana, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, hutiwa katika lita moja ya maji safi. Pimeni sawasawa, kwa maana chumvi ikizidi humdhuru mtoto badala ya kumponya. Chakula kilichopikwa alfajiri na kufungiwa ndani ya gari lenye joto hadi alasiri, hasa nyama na wali, ndicho kinachowaharisha wengi, na mara nyingi lawama huangukia maji ya hoteli.

Kuhusu wanyama wenyewe, wengi wetu tuna hofu isiyo mahali pake. Mtu ataogopa simba, kisha afungue dirisha ampe nyani ndizi. Nyani aliyezoea kulishwa humnyang'anya mtoto chakula na akizuiwa huuma. Jeraha la kuumwa au kukwaruzwa na nyani, tumbili au mnyama mwingine yeyote anyonyeshaye lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe hospitali akaangaliwe kama anahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili huwa hauna tiba, ndiyo sababu haifai kungoja kuona itakuwaje.

Kanuni za Shirika la Wanyamapori (KWS) zinataka wageni wabaki ndani ya gari isipokuwa mahali palipotengwa, wasiwakaribie wanyama chini ya mita 20, wala wasitoke nje ya barabara. Wapo madereva ambao, kwa kutaka bahashishi, huyafanya yote matatu. Mwambie dereva wako mapema kwamba hutamlipa zaidi kwa kumsogelea ndovu, na hasa ndovu aliye na mtoto. Mnyama huyo akitanua masikio na kuligeukia gari, rudini nyuma polepole bila honi wala kelele. Watoto wasisimame juu ya viti na kutoa nusu ya mwili nje ya paa gari likiwa linakwenda, kwani shimo moja barabarani latosha kumvunja mtu shingo.

Penye ruhusa ya kushuka, kama vile kwenye chemchemi za Mzima, tembeeni pamoja na mgambo, msikae ukingoni mwa maji, na watoto wawe mikononi. Viboko na mamba wamo mle. Vaeni viatu vilivyofunika mguu badala ya ndara, na usiku msitoke bila tochi. Nyoka aitwaye bafe hulala kimya njiani na hakimbii asikiapo hatua za mtu. Aliyeumwa atulizwe, kiungo kisitikiswe, pete na bangili zivuliwe, na apelekwe hospitali upesi. Usichanje, usinyonye sumu, usifunge kamba ya kukaza, wala usipoteze muda kumtafuta nyoka. Swira naye hutema sumu machoni. Hapo osha jicho kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha tafuta daktari. Kwa kuwa si kila zahanati huwa na dawa ya sumu ya nyoka, ulizieni hotelini kabla ya safari ni hospitali gani ya karibu inayoiweka.

Lakini hatari iliyowaua watu wetu mara mbili katika mbuga moja haikuwa na meno. Katika Mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, kuna korongo jembamba la Ol Jorowa ambalo wageni walikuwa wakipenda kulitembelea kwa miguu. Mwezi wa Aprili 2012 vijana 7 wa kikundi cha kanisa walikufa humo baada ya mafuriko ya ghafla kuwakumba. Septemba 2019 maji yaliwachukua tena watu 7, mwongozaji wao akiwa miongoni mwao. Mvua inaweza kunyesha vilimani, mbali na mahali mlipo, na ninyi mkiwa chini kwenye mchanga mkavu mkaona jua tu. Maji yakishafika, kuta za jiwe hazina pa kupandia. Kwa hiyo siku ya kutembea korongoni au kuvuka mto mkavu, ulizeni langoni kuhusu mvua ya siku ile na ya usiku uliotangulia, si pale mlipo peke yake bali hata sehemu za juu. Mkiambiwa korongo limefungwa, msimtafute kijana wa kuwapitisha kwa njia ya panya. Kiongozi wa kikundi ndiye anayepaswa kuwa na moyo wa kusema hatuingii, hata kama watu wamelipa na wananung'unika.

Wadudu wamesalia. Mkazi wa Nairobi, au wa nyanda za juu kama Nyeri, hana kinga ya malaria aliyo nayo mtu mzima aliyekulia pwani au kando ya Ziwa Victoria, na hata yule aliyekulia huko huipoteza akikaa mjini miaka mingi. Basi usijidanganye kwamba kwa kuwa u Mkenya mbu hawakuhusu. Muone daktari mapema, kwa sababu zipo dawa za kujikinga ambazo huanzwa siku moja au mbili kabla ya safari, na zipo zinazohitaji wiki moja au zaidi, na zote huendelea kumezwa baada ya kurudi. Laleni ndani ya chandarua kilichotiwa dawa, na jua likitua vaeni nguo za mikono mirefu.

Mbung'o huuma mchana na hupenya nguo nyepesi. Huvutwa na gari linalokwenda na pia na rangi ya samawati na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaeni rangi ya kaki au ya udongo. Mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeutokomeza ugonjwa wa malale kama tatizo la afya ya umma, habari njema kwa watu wa Bonde la Lambwe iliko Mbuga ya Ruma. Hata hivyo mwaka wa 2012 wageni wawili waliokuwa wametembelea Maasai Mara waligunduliwa kuwa nao, hivyo kidonda kinachotokea mahali mbung'o alipouma, kikifuatwa na homa, si cha kupuuzwa.

Kwa wanaokwenda upande wa Isiolo, ambako homa ya manjano ilizuka mwaka wa 2022, waulize kliniki kuhusu chanjo. Huchomwa mara moja na huhitaji siku 10 kabla ya kuaminika.

Mkisharudi nyumbani, safari haijaisha kwa upande wa afya. Dalili za malaria hazitokei kabla ya siku 7 tangu mtu aumwe, na kwa kawaida huchukua siku 10 hadi 15, wakati ambapo watu wameshasahau na wanadhani ni mafua. Ukipata homa, kutetemeka, kuumwa na kichwa au kutapika katika wiki au miezi inayofuata, usinunue vidonge vya kubahatisha dukani. Nenda ukapimwe damu siku hiyo hiyo, na mwambie daktari bila kuulizwa ulikwenda mbuga gani na ulirudi tarehe gani, kwa kuwa daktari wa mjini huenda asiifikirie malaria asipoambiwa. Mtoto akikataa kunyonya au kula, akipata degedege au akawa mzito kuamka, mpelekeni usiku huo huo.